Barua Zilizozunguka Kati ya Wete na Mkoani

Ukimpa Mahbuba binti Hamdan kitu akuwekee, ukirudi utakikuta palepale ulipokiacha, na vumbi kakipangusa. Hamriya nzima, mtaa wa Maskati, ilimjua kwa hilo. Wenye maduka walimwachia funguo wakienda kuswali, majirani walimwachia dhahabu wakisafiri, na Mzee Sleyum, mwenye duka la pampu za maji, alimwachia barua zake zote. Basi muelewe tangu mwanzo, nyinyi mnaonisikiliza, kwamba siku Bwana Talal aliposimama mlangoni akamwambia, "Bi Mahbuba, barua zinaingia kwako hazitoki," hayo hayakuwa maneno ya kazini tu. Alimgusa pale pekee alipokuwa tajiri.

Lakini nisikimbilie huko. Kwanza mjueni mwenyewe.

Mahbuba alikuja Maskati kutoka Pemba na mama yake, Bi Bakhita, angali msichana wa skuli. Akapata kazi ya kupiga taipu kwa Mzee Sleyum, naye Mzee Sleyum ni mtoto wa Pemba vilevile, mtu wa kucheka na mpenda vitu vipya. Kila kilichoingia mjini lazima yeye akijaribu. Miaka ile kompyuta zilipokuwa bado ni kitu cha benki na wizara, yeye alinunua mbili, za aina ya Unix, kwa mfanyabiashara wa Ruwi. Moja akaiweka dukani Hamriya, chumbani mwake mwenyewe, ya pili akaipeleka bohari yake ya Wadi Kabir, na akaziunganisha kwa waya wa simu ili zipelekeane barua. Akazipa na majina ya miji ya kwao. Ya dukani akaiita Wete, ya bohari akaiita Mkoani.

"Mimi kurudi Pemba nimeshindwa," alisema, "basi Pemba nimeileta hapa."

Fundi aliyezifunga alirudi kwao India na elimu yake kichwani. Alichoacha ni kitabu kinene kama tofali. Hakuna aliyekitaka. Mahbuba akakichukua, akaweka na kamusi pajani, akakisoma ukurasa kwa ukurasa, mwaka wa kwanza haelewi, wa pili anahisi, wa tatu anaelewa. Ndani ya mashine lilikuwamo faili la kuiongoza Sendmail, ile programu inayopokea barua na kuamua iende wapi. Faili lile, jamani, mtu akiliona mara ya kwanza hudhani ni kombe: nukta, mabano, alama za dola, herufi zisizotamkika, kama zile anazoandika mwalimu kwa zafarani kwenye sahani uoshe unywe. Mahbuba alifika mahali akilisoma kama unavyosoma wewe kibao cha duka.

Yeye ndiye aliyewafundisha wana wa mzee jambo moja dogo. Ukisafiri, unaandika ndani ya sanduku lako la barua faili la mstari mmoja, lenye jina la mwenzako, na kila kinachokujia kinampitia yeye mpaka utakaporudi ukalifuta. Jambo dogo, nimesema. Likumbukeni.

Wana wenyewe walikuwa wawili, baba mmoja na mama mbalimbali. Asaad, mkubwa, mama yake wa Pemba, mtu mpole asiyependa kusikika hata anapokohoa. Yeye alikaa dukani Hamriya, na sanduku lake la barua lilikuwa katika Wete. Talal, mdogo, mama yake wa Nizwa, hasira zake moto wa makuti. Yeye alikuwa bohari, na sanduku lake katika Mkoani. Hawakuwahi kugombana. Wakikutana mlangoni kila mmoja humtanguliza mwenzake, na hapo ndipo walio nyuma yao hupigwa na jua.

Mwaka ule wa tisini na nane Mzee Sleyum akaugua, akafa. Kabla hajafa alimwambia Mahbuba, "Mwanangu, barua zangu zisizagae." Baada ya maziko Mahbuba akafanya lililompasa. Akaiambia mashine kwamba kila barua inayomjia marehemu impelekee Bwana Asaad. Hakumuuliza mtu. Kwa watu wetu mkubwa ni mkubwa.

Wiki ile ile ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Kwanza ni modemu, kile kisanduku kinachoongea na simu. Kwa kawaida kililia kidogo asubuhi, kikalia kidogo mchana, kikanyamaza. Sasa kikawa kinalia kutwa kama mtoto anayeota meno. Wete inaipigia Mkoani, Mkoani inaipigia Wete, laini haipumui. Barua za kwenda nje zikakwama foleni kwa kukosa nafasi. Wateja wakaanza kupiga simu, na simu yenyewe kuipata ni bahati. Mkulima mmoja wa Nizwa alipoipata alipiga ukelele: "Nimeandika, nimeandika, pampu yangu imekufa na mitende yangu inakauka! Mmehama, au mmekufa wote na mzee wenu?"

Mahbuba akaomba radhi, akashika kazi. Akabadilisha waya. Akapunguza kasi ya modemu. Akawaita watu wa simu, wakaja wakapima, wakanywa kahawa, wakasema laini yao haina neno. Akalisoma lile faili la kombe kutoka juu mpaka chini, nukta kwa nukta, hakuona kosa. Akitazama foleni ya Wete anaona barua za kwenda kwa Talal, na Talal si yuko Mkoani? Sawa. Kuzifungua barua za watu asome ndani, hilo hakuwahi kulifanya na hakutaka kulianza sasa. Na zile taarifa ambazo mashine huziandika yenyewe ikishindwa kufikisha barua, hazikumfikia. Mzee alipenda kujua kila kitu, akaamuru tangu zamani kwamba taarifa za makosa aletewe yeye. Kwa hivyo nazo zilifuata njia ya barua za marehemu, zikapotea huko huko.

Ndipo Talal akaja na maneno yale.

"Bi Mahbuba, barua zinaingia kwako hazitoki."

"Zinaingia kwenye mashine, Bwana Talal," alisema Mahbuba. "Mimi sijaanza kula karatasi."

"Mashine haina tumbo. Mtu ndiye mwenye tumbo."

"Basi nipasue."

Talal akashusha sauti. "Wallah sisemi umeiba. Nasema labda umeambiwa uzishike."

"Na nani?"

Hakulitaja jina. Alikitazama tu chumba cha kaka yake, akarudisha macho. "Wewe na mama yake ni watu wa kisiwa kimoja. Nyinyi chanda na pete. Mimi huko bohari nakaa kama mpangaji, baba yangu kafa, hata salamu ya mtu haipiti kwangu."

Mahbuba akageukia skrini yake.

"Jumamosi nakuja na fundi wa kampuni nyengine," akasema Talal. "Mashine ataichukua yeye, na funguo utampa yeye. Khalas."

Hilo lilikuwa Jumanne. Na maneno, kama mjuavyo, hayana miguu lakini yanakwenda. Jioni hiyo hiyo jirani aliyemwachia Mahbuba bangili zake alikuja kuzichukua. Alisema kuna harusi. Harusi ya nani, hakusema.

Jumatano mchana Mahbuba alikaa mbele ya sahani ya wali bila ya kula. Bi Bakhita alimtazama, akaivuta sahani kwake.

"Usipokula wewe ntakula mimi. Hebu nambie, barua za nani hasa zinazopotea?"

"Za watu wengi. Lakini zilianza za marehemu."

"Na wewe ushamwandikia?"

"Mama! Nimwandikie maiti?"

"Si maiti. Sanduku lake." Bi Bakhita akatia tonge kinywani, akatafuna taratibu. "Kuku wangu mmoja kule Pemba akitaga kichakani. Nikimfukuza, anakimbilia kwengine. Nikamwacha aende, nikamfuata kimya kimya. Nikayakuta mayai kumi na moja, na nyoka mmoja."

Mahbuba hakucheka. Maana kitabu chake kilikuwa kimemwambia hivyo hivyo tangu siku ya kwanza, kwa Kiingereza chake kikavu: andika barua ya majaribio kwenye anwani yenye tatizo, uangalie inakwenda wapi. Alikuwa akiuruka ukurasa ule. Mzee Sleyum ndiye aliyempa kazi alipokuwa hana kiatu cha pili. Kuliandika jina lake juu ya barua, kana kwamba yuko chumba cha pili anakunywa kahawa, mkono ulikuwa unakataa.

Baada ya alasiri alirudi dukani. Akakaa mbele ya kibodi. Akaandika: *Assalaamu alaykum, Bwana. Ni mimi Mahbuba. Nnajaribu.* Akasoma tena mstari wake. Ulikuwa kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tanga, penye msiba. Akaupeleka.

Modemu ikalia, ikanyamaza. Ikalia. Ikanyamaza. Alikaa akiisikiliza, kichwa kainamisha, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. Kabla ya magharibi barua ikamrudia mwenyewe, na juu yake mashine imeandika kwamba barua hii imepita mikono mingi mno, haiwezi kufika.

Sasa, kila mashine inayoshika barua huigonga muhuri juu: jina lake na saa. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Barua iliyokwenda sawa huwa na mihuri miwili, mitatu. Mahbuba akaishusha skrini. Imepita Wete. Imepita Mkoani. Imepita Wete. Imepita Mkoani. Wete, Mkoani, Wete, Mkoani, mpaka skrini ikajaa akashusha tena, na chini bado ni Wete na Mkoani. Salamu yake kwa marehemu ilikuwa imekwenda na kurudi, kila mmoja anaipokea, kila mmoja anamkabidhi mwenzake.

Na hapo akakumbuka mlango.

Ilikuwa siku ya pili ya tanga, nyumbani kwa Asaad, mtaa wa Bustan. Watu wamejaa uani, kahawa imeletwa, na wana wawili wa marehemu wamesimama mlangoni mwa majlis, chumba cha wageni. "Tfadhal." "La wallahi, wewe mkubwa." "Wewe umetoka mbali, tangulia." "Haiwi, kaka." Kahawa ikapoa. Mzee mmoja nyuma yao akasema, "Mwacheni marehemu awahi peponi, hawa watachelewa hata mlangoni," na watu wakacheka huku wanafuta machozi.

Mahbuba naye akacheka, peke yake mbele ya mashine. Kisha kicheko kikamwishia.

Yeye mwenye ufunguo wa mashine zote mbili aliweza kuliona lile faili la mstari mmoja bila ya kugusa barua. Akaliangalia la Asaad. Limeandikwa: *talal*. Akaliangalia la Talal. Limeandikwa: *asaad*. Yameandikwa wiki moja, wiki ile alipoielekeza njia ya barua za marehemu. Mkubwa ameona haya kuonekana anakimbilia nafasi ya baba kaburi halijakauka, akampa mdogo. Mdogo ameona haya kusoma jambo kabla ya mkubwa wake, akampa mkubwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake, maana ihsani ukiitangaza si ihsani tena. Kisha kila mmoja akakaa kwenye sanduku tupu, akimngoja ndugu yake aseme chochote. Na ndugu yake hasemi.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Faili moja, kidole kimoja. Alilileta la Asaad kwenye skrini, akaweka mkono. Akilifuta hili, kila kitu kinamwendea Asaad, na Talal atasema, mnaona? Akalileta la Talal. Akilifuta hili, barua za baba zinakwisha kwa mdogo, na mkubwa kavuliwa kilemba na karani wa duka. Mahbuba alikaa na mkono wake hewani. Akaurudisha mapajani. Alichofanya ni kuichapisha ile barua yenye mihuri, akaikunja, akafunga duka.

Jumamosi asubuhi Talal alifika na fundi wake, kijana wa watu mwenye tai na mkoba. Asaad akaitwa. Wafanyakazi wa duka wakaacha mizani na boksi, wakajifanya wanapanga mipira ya maji karibu na mlango. Mahbuba alikuwa ndani, chumbani mwa mzee, kasimama kando ya mashine. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu, hakuna aliyekikalia tangu afe.

Ndugu wawili wakafika mlangoni.

"Tangulia, kaka."

"La, wewe ndiye mwenye shughuli leo. Tangulia."

"Haiwi, kaka, wallahi."

"Basi hivyo ndivyo barua zinavyofanya," alisema Mahbuba kutoka ndani.

Wakamtazama. Hawajamsikia kupaza sauti maishani mwao, na hata sasa hakuipaza. Akawapa karatasi. Wakaisoma pamoja, bega kwa bega, wangali kizingitini. Wete, Mkoani, Wete, Mkoani. Akawaeleza kwa maneno machache, kama alivyowafundisha siku ile jambo lile dogo.

Asaad ndiye aliyesema kwanza. "Mimi nilidhani unazisoma wewe."

"Mimi?" Talal akamgeukia. "Mimi nilidhani unazisoma wewe na kuninyima!"

"Nilikupa kwa heshima."

"Na mimi nilikupa kwa nini? Kwa matusi?"

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize kaka yangu mkubwa, tanga halijaanuliwa, barua za baba umezipeleka wapi? Ningekuwa mtu gani?" Akageuka kwa Mahbuba, moto wake ukitafuta kuni. "Na wewe! Umejua tangu Jumatano. Mbona hukukata?"

"Ningekata upande upi, Bwana Talal?"

Talal akakigeukia kiti cha mzee. Fundi mwenye tai akatazama viatu vyake.

"Kaa, kaka," akasema Talal hatimaye, kwa sauti nyengine kabisa.

"Kiti cha baba hicho."

"Najua. Kaa."

Asaad akakaa ukingoni, kama mgeni aliyeambiwa kitanda ni kichafu. Mahbuba akamtajia cha kuandika, herufi kwa herufi, naye akalifuta faili lake kwa kidole chake mwenyewe. Modemu ikalia mara moja, kwa muda mrefu, ikanyamaza. Kimya kile wafanyakazi mlangoni walikisikia. Kisha barua zilizokuwa zikingoja nje zikaanza kuingia, moja moja: taazia za watu wa Salala, malalamiko, bei za vipuri. Zilizokwisha kupotea hazikurudi. Na katikati ikaingia moja kutoka kwa kiwanda cha pampu, ng'ambo, fupi. Walikuwa wameandika mara nyingi kutaka kujua nani ameshika nafasi ya marehemu. Kwa kukosa jibu, uwakala wamempa mtu mwengine.

Asaad aliisoma mara mbili. Uwakala ule baba yake aliushika toka Asaad hajaota ndevu.

"Bi Mahbuba," alisema, macho yangali kwenye skrini. "Watu watauliza. Tutasema mashine iliharibika. Sitara ni kitu kizuri."

"Mashine haikuharibika, Bwana Asaad. Ilifanya ilivyoambiwa. Na Hamriya ikisikia mashine imeharibika, inajua anayeishika mashine ni nani."

"Kazi yako hutaipoteza. Naahidi."

"Sijasema kazi. Marehemu aliniachia barua, na jirani yangu aliniachia bangili. Bangili keshakuja kuzichukua. Ya nyumbani kwenu mimi sitayatoa nje, mtanizika nayo. Lakini jina langu msilifanye pazia."

Asaad akainamisha kichwa. Hakusema ndio, hakusema la. Ndivyo alivyokuwa akifanya maisha yake yote, na mara nyingi watu waliliita jambo hilo uungwana.

Ni Talal aliyetoka mpaka mlangoni. Makuti, nilisema; yanawaka upesi, lakini mara nyengine ndiyo yanayokumulikia njia. "Ya akhi," alimwambia yule fundi, "rudi zako, ndugu yangu, nisamehe kwa usumbufu. Mashine ni nzima." Kisha akawatazama wafanyakazi waliokuwa wakipanga mipira ileile kwa mara ya tano. "Na nyinyi mnaosikiliza, sikilizeni vizuri mkaseme. Barua za baba tumezipoteza sisi, mimi na kaka yangu. Huyu bibi hana kosa hata la nukta."

Nyuma yake Asaad alijifunika uso kwa viganja viwili. Mahbuba aliliona hilo, na halikumfurahisha. Miaka mingi baadaye Asaad aliendelea kumsalimia kwa adabu zote, lakini kahawa yake hakuinywa tena chumbani mwa mashine.

Siku ile Asaad akainuka kutoka kwenye kiti, Talal akarudi kumchukua, wakaelekea nje. Wakafika kizingitini. Wakasimama.

Mahbuba alikuwa nyuma yao, funguo mkononi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutoka mwisho na kufunga mlango.

"Niwieni radhi," alisema, akapita katikati yao kuelekea kwenye simu ya dukani.

Nyuma akamsikia Talal: "Tangulia, kaka." Hakugeuka kutazama nani amepita. Laini ya simu ilikuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu mzee afe, na yule mkulima wa Nizwa alikuwa bado anangoja pampu.